Orutu Isisimame

"Rudia hapo kwa chuma," Ojwang alisema, kisha akauma sambusa.

Osewe akarudia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono haijui ikae wapi, akimwimbia mtu anayetafuna maombolezo ya binti wa watu. Orutu yake, ile ala ya waya mmoja inayopigwa kwa upinde, ilikuwa imelazwa mezani kati ya chupa ya soda na kikasha cha mihuri, kana kwamba ni kitu alichokamatwa nacho. Kuomboleza bila orutu ni sawa na kumeza ugali bila mboga: unashuka, ila unakwaruza njia nzima. Dirishani, Kawangware ilikuwa imeshaamka. Mhubiri na muuza dawa ya panya walikuwa wakishindana kwa vipaza sauti, na hakuna aliyewahi kuwaita hao wawili ghorofani waje waimbe mbele ya sambusa.

"'Wamemwamsha kwa chuma,'" aliimba kwa Kijaluo. Halafu, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa, akayasema maneno yale kwa Kiswahili ili Mutanu, karani wa kamati, ayaandike.

"Hiyo inatoka," Ojwang alisema. "Mtu akisikia chuma atafikiria nini?"

"Tingatinga, mwenyekiti."

"Na kulikuwa na tingatinga?"

Mtaa mzima wa Mashimoni ulikuwa bado unakanyaga alama za minyororo yake.

"Kulikuwa na ajali," Ojwang alimsaidia. "Ukuta ulianguka. Mutanu, hapo weka, 'Mungu amempenda zaidi.' Inaingia kwa tyuni?" Akaiimba mwenyewe, akigonga meza kwa kidole chenye mafuta. Ikaingia vizuri. Hilo ndilo lililomchoma Osewe, kwamba iliingia vizuri.

Kamati ya Utulivu ilianza kwa kukataza kelele za baa, na watu wakashangilia, maana nani hapendi kulala? Kisha ikageukia harusi, kisha mikesha ya makanisa, na mwisho ikafika matanga. Sasa hakuna msiba wa kuchangishiwa safari ya kwenda nyumbani bila kibali chake. Matanga yawe mchana, jua likizama watu wawe wametawanyika. Mwimbaji awe na kadi. Maneno ya wimbo yaletwe kabla, yaimbwe, yatafsiriwe, yapitishwe, na yakishapitishwa yasiongezwe hata kilio. Asiyekubali hakatazwi, abaki tu nyumbani na marehemu wake abaki mochari.

Na mwenyekiti mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo haya. Ojwang alizaliwa kule kule ziwani, mjomba wake alikuwa mpiga nyatiti, ala ya nyuzi nane, wa kutajika, na yeye mwenyewe aliweza kukaza waya wa orutu kwa kusikiliza tu. Ndiyo sababu Osewe alimwogopa. Mwizi asiyeijua nyumba huondoka na sufuria. Anayeijua hung'oa nguzo.

"Na hii ngozi ni ya nini?" Ojwang aliuliza, akiupapasa uso wa orutu.

"Mbuzi, mwenyekiti."

"Mbuzi." Alicheka hadi chembe za sambusa zikaruka. "Omera, ndugu yangu, mimi ni jathurwa, mtu wa kwenu. Hii ni kenge. Kenge ana wenyewe, watu wa wanyamapori, na wako na sheria yao. Lakini leo ni mbuzi. Si ndio? Leo ni mbuzi."

Osewe akaelewa kwamba kesho inaweza kuwa kenge.

"Usikasirike," Ojwang aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, jambo lililofanya chumba kiwe kidogo zaidi. "Watu wanasema sheria inaua usanii. Ni uongo. Mto bila kingo si mto, ni mafuriko. Mtu ukimnyima neno, kichwa chake kinachangamka kutafuta lingine. Mimi nakunoa tu."

Mutanu akagonga muhuri. Osewe akachukua orutu yake na kushuka ngazi, tumbo tupu, kichwani akibeba wimbo ambao haukuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba marehemu hakuwemo.

Marehemu alikuwa Eddah, fundi cherehani wa Soko la Toi, yule aliyekuwa akipunguza suruali za mitumba huku akimtania mteja kuhusu kiuno chake. Waliishi yeye na mama yake, Seline, chumba kimoja Mashimoni, kwenye ule mstari uliotiwa alama nyekundu ili barabara ipite. Waliambiwa ni Jumatatu. Tingatinga likaja Jumamosi, alfajiri, watu wakiwa wanatafuta viatu gizani. Eddah alitoka salama. Kisha akakumbuka nguo za wateja, akarudi ndani.

Baba yake Osewe, aliyemfundisha orutu, alimfundisha na hili: mfu haimbwi bila kusemwa alivyokufa. Ukimwimbia kifo kisicho chake, hafiki nyumbani. Anabaki njiani akiuliza maswali. Osewe hakuwa mtu wa kuogopa mizimu, alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini tangu Jumamosi ile alikuwa akilala vibaya.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza vitanda. Alifanya kazi kwa Kavoi, mzee wa kutoka Machakos aliyekuwa na banda la useremala kando ya barabara, kule Kawangware, na ambaye hakuamini kwamba Wajaluo wanajua kulia kimya.

"Wamekupa?" Kavoi aliuliza bila kuacha kupiga randa.

"Wamenipa. Lakini wimbo umebaki mifupa. Ni Mungu tu na malaika."

"Si hata hivyo watu watachanga? Mtoto aende kwao."

"Watachanga. Wakati wa pakruok ndio wanachanga sana."

"Ndio nini hiyo?"

Osewe akamweleza huku akipaka gundi. Mtu akitaka kusema jambo, kumsifu marehemu au kujisifu mwenyewe, anaweka kitu kwenye sahani. Akishaweka, mpigaji lazima asimamishe orutu pale pale, hata kama yuko katikati ya neno. Uwanja unakuwa wa aliyeweka. Hakatizwi. Akimaliza, orutu inachukua ilipoachia.

"Kwani nyinyi mnalipa ndio muongee? Sisi Wakamba tunaongea bure."

"Ndio maana hamnyamazi."

Kavoi akacheka. "Sasa mlevi akiweka?"

"Hata mlevi. Akiweka, ni nafasi yake."

"Anasema chochote?"

"Chochote."

Randa ikasimama. Kavoi akapuliza takataka za mbao kwenye blade, akamtazama Osewe kwa jicho moja, kama afanyavyo akikagua ubao kama umenyooka.

"Mimi nakuuliza, we Osewe. Kamati imepitisha maneno ya nani?"

"Yangu."

"Na ya mlevi?"

Osewe alibaki ameshika brashi ya gundi mpaka ikaanza kumganda vidoleni.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, watu walikusanyika Mashimoni chini ya turubai, hatua chache tu kutoka kwenye kifusi. Matanga ya mchana ni kitu cha ajabu. Watu wa vibarua wako kazini, kwa hiyo wanaokuja ni akina mama, wagonjwa, wasio na kazi, na wale walioacha kazi wakijua watagombezwa. Kwenye kiti cha mbele alikaa Shiundu, kijana wa kamati, maneno yaliyogongwa muhuri yako magotini. Alikuwa amepewa kazi ya kuyafuata kwa kidole.

Osewe akaanza. Hakuongeza kitu. Aliimba kila neno kama lilivyopitishwa, kwa utiifu uliomfanya Shiundu apumue na kuegemea kiti. Eddah amelala. Eddah ni ua. Mungu amempenda zaidi.

Omolo, muuza maji, akainuka na kuweka kitu kwenye sahani. Orutu ikasimama.

"Mimi ni Omolo," alisema, "Omolo wa mifereji, mtu mwenye kiu ananijua. Mimi niliambiwa Jumatatu. Sikuambiwa Jumamosi. Nimemaliza."

Orutu ikachukua. Mungu amempenda zaidi.

Mwanamke mmoja wa Toi, aliyekuwa jirani wa Eddah sokoni, akaweka yake. Orutu ikasimama. "Ile sare ya shule alirudi kuchukua ni ya mtoto wangu. Mimi ndiye nilikuwa nimemsumbua simu usiku, nikimwambia mtoto anaihitaji." Akaketi.

Mungu amempenda zaidi.

Sasa mstari ule ulikuwa umeanza kubadilika mdomoni mwake. Osewe alihisi, kama mtu anavyohisi jino limelegea. Alipouimba kwa mara ya kwanza ulikuwa faraja ya bei rahisi. Baada ya Omolo ukawa swali. Baada ya yule mama ukawa tusi, na hakuwa amegusa hata herufi. Alichofanya ni kuchelewesha upinde kidogo, kuuacha waya ulie peke yake kabla ya jina la Mungu, na turubai lote likavuta pumzi. Wakaja wengine. Aliyesikia mngurumo. Aliyechimba kwa sufuria. Kila mmoja aliweka kipande chake na kukaa, na kati ya kipande na kipande Osewe alishona kwa uzi ule ule wa kamati. Shiundu alikuwa akitazama karatasi, akimtazama Osewe, akirudi kwenye karatasi. Hakuona kosa.

Mwishoni aliinuka Seline. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono mipana ya mtu aliyefua nguo za watu miaka yote. Akaweka. Orutu ikasimama.

"Mimi ni Seline, mama Eddah. Nilipiga nduru. Nilishika mtu wa jaketi ya manjano hapa, kwa mkono, nikamwambia kuna mtu ndani. Akaniangalia. Akaniangalia vizuri. Halafu akapungia dereva: endelea. Nimeenda kila mahali naambiwa ni ajali. Huyo mtu namjua jina na kwao nakujua. Jumapili ndugu za Eddah watakuwa wamefika wote, na jeneza likiwa hapa. Nitaweka kwa sahani na nitamtaja."

Mashimoni yote ilijua jaketi ile huning'inia kwenye ofisi gani ya ghorofani. Lakini kujua ni jambo moja na kutajiwa ni lingine. Jina likishatamkwa na mama mzazi mbele ya jeneza, hakuna ndugu wa marehemu mwenye ruhusa ya kujifanya kiziwi. Ni lazima walifuate jina hilo, mahakamani au popote. Ndivyo walivyolelewa, na Ojwang alilelewa vivyo hivyo.

Shiundu akainua mkono kuonyesha jua limeshuka. Watu wakatawanyika taratibu, kwa adabu, kama sheria ilivyotaka. Osewe akatembea mpaka Barabara ya Ngong orutu ikiwa begani, na alikuwa na furaha. Aliona haya kuwa na furaha ndani ya msiba, lakini hakuweza kujidanganya. Hakuwahi kupiga vile maishani, na asingeweza kupiga vile kama angeachiwa maneno yake mwenyewe. Wazo hilo lilikuwa na sauti ya mtu mwingine, na hakulipenda.

Ijumaa mchana Ojwang akaja bandani kwa miguu, bila haraka, akisalimia watu njiani.

"Niaje, mafundi." Akaketi kwenye kitanda ambacho hakijapigwa vanishi, akakitikisa kwa makalio. "Hii haitapiga kelele?"

"Haiwezi, mkubwa," Kavoi alisema.

"Safi. Osewe, jana nilikusikia. Shiundu alinipigia nikasikiliza kwa simu mpaka mwisho. Omera, sijasikia orutu hivyo tangu nizaliwe. Hata mjomba wangu, Mungu amrehemu, hakufika hapo. Nilikuambia ama sikukuambia? Tumekata maneno, na wewe ukatoka na kitu kubwa."

"Asante, mwenyekiti."

"Na hukutoka nje hata kidogo. Shiundu ameangalia. Wewe huna makosa." Alifuta vumbi la mbao kwenye goti. "Ni huku kusimama-simama tu."

Osewe aliendelea kusugua mguu wa kitanda kwa msasa.

"Kamati imekaa asubuhi. Jumapili orutu isisimame. Ukishaanza umeanza, mpaka gari ya maiti itoke. Mtu akitaka kuweka kwa sahani aweke, nani atamkataza kuchanga? Lakini muziki unaendelea."

"Mwenyekiti, wewe unajua. Bila kusimama hiyo si pakruok. Mtu ataongea aje?"

"Ataongea na roho yake."

"Mama Eddah anataka kusema neno. Ni mama."

"Neno ni hotuba. Hotuba iko na kibali yake, na ya wiki hii imefungwa." Ojwang akaishusha sauti, akawa mtu wa kwao, mtu anayekushauri jambo la nyumbani. "Sikiliza. Karatasi ya kusafirisha mwili iko na mimi. Nitaiweka sahihi pale pale, gari ikiwa imewashwa, wimbo ukiwa umeenda sawa. Mtoto alale kwao. Ukisimama, mkutano umevunja masharti, gari inarudi mochari, na sijui itatoka tena lini. Mimi sijakataza mtu kuzikwa. Ni wewe na mkono wako."

Akainuka. Akatazama juu, kwenye mabati ya banda, kisha chini, kwenye umbali kati ya nguzo na lami.

"Hii iko ndani ya barabara, sivyo, mzee?"

"Nimekuwa hapa miaka mingi, mkubwa," Kavoi alisema.

"Hata kule Mashimoni walikuwa miaka mingi."

Alipoondoka walirudi kazini. Kavoi alipigilia msumari mmoja vibaya, akaung'oa, akaupigilia tena. Mbele yao magari yalipita karibu sana na nguzo, kama yalivyopita siku zote, ila leo kila moja lilisikika.

"Waya ikikatika," Kavoi alisema hatimaye, macho kwenye msumari, "wewe umesimama ama umesimamishwa?"

Osewe akauacha msasa.

"Mimi nauliza tu. Sheria imesema mtu asisimame. Imesema waya isikatike?"

"Wataleta tingatinga hapa, Kavoi."

"Wataleta hata usipofanya. Hujaona vile aliangalia?" Mzee akafungua kisanduku cha vifaa, akatafuta chini kabisa, akatoa tupa nyembamba ya kunolea meno ya msumeno. "Punguza pale kwa shingo, mahali vidole havifiki. Usipunguze sana. Ishike nyimbo mbili, tatu, halafu ijifie yenyewe. Kubadilisha waya ni muda gani?"

"Muda wa mtu kutaja jina," Osewe alisema.

Aliupunguza Jumamosi jioni, akisikiliza zaidi kuliko kutazama, mpaka waya ukatoa sauti ya ukali kidogo ambayo hakuna mtu mwingine angeitambua. Akafikiria ile hadithi ya mto na kingo, akacheka peke yake. Basi naye alikuwa amechangamka kichwa.

Jumapili watu walifurika. Ndugu za Eddah walikuwa wamefika kutoka kila upande, wengine na nguo za safari, na jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti chini ya turubai. Gari lilikuwa limeegeshwa barabarani, dereva akiwa ndani. Kitu kigeni kilikuwa spika mbili ndefu kupita mtu, na maiki iliyofungwa kwenye kigingi kifupi mbele ya kigoda cha Osewe, usawa wa orutu. Viti vyote vya mbele vilikuwa na vijana wa kamati, wamevaa vizuri, nyuso zimeandaliwa kwa msiba.

"Msaada wa kamati," Ojwang alimwambia Seline, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ili hata walio mbali wasikie. Pole sana, mama."

Seline aliutoa mkono wake polepole. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ambayo Eddah alimshonea, na alikuwa mtulivu. Alimtazama Osewe mara moja, akaitikia kwa kichwa kidogo. Hakujua habari ya sharti jipya. Osewe hakuwa amemwambia. Alikuwa amesema moyoni kwamba waya utasema kwa niaba yake.

Akaketi. Akainua orutu, na kabla upinde haujagusa, Ojwang akainama mbele yake kama mtu anayekuja kurekebisha maiki. Akanyoosha kidole gumba, akakipitisha juu ya waya kutoka chini kwenda juu, taratibu, mpaka shingoni. Hapo kidole kikatulia.

"Hii imechoka," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma. "Ingekuaibisha mbele ya watu."

Akatoa mfukoni waya mpya uliokunjwa duara. Aliufunga mwenyewe, magoti yake kwenye vumbi, akiukaza na kuudonoa, akiukaza na kuudonoa, sikio limeelekezwa kwenye ngozi ya kenge, na watu waliokuwa karibu wakanong'ona kwamba tazama, mwenyekiti naye anajua mambo ya nyumbani. Alipomaliza akapiga vumbi magotini na kusimama kando ya spika. Karatasi ya gari ilichungulia kwenye mfuko wa shati lake.

Osewe akaanza.

Eddah amelala. Sauti ilitoka kwenye spika kubwa kuliko alivyowahi kuisikia, ikapita juu ya mabati, ikaenda mpaka sokoni. Eddah ni ua. Watu wakaanza kuyumba. Omolo akaja na kuweka kwenye sahani, akasubiri, akasubiri, akamtazama Osewe kwa mshangao, kisha akarudi nyuma kwa aibu ya mtu aliyesalimia asiitikiwe. Yule mama wa Toi akaweka, akasubiri. Mungu amempenda zaidi. Waya mpya ulikuwa mzuri. Ulikuwa waya mzuri kuliko nyaya zote alizowahi kugusa.

Hakuna aliyemshika mkono. Hilo alilijua kila upinde ulipokwenda na kila uliporudi. Ilitosha kufungua vidole. Akaliona gari likirudi mochari na Eddah ndani yake, akaiona nguzo ya banda la Kavoi, na upinde ukaenda tena.

Seline akainuka.

Watu waliokuwa Mashimoni siku ya Alhamisi wakanyamaza, lakini walikuwa nyuma, na mbele yao kulikuwa na wageni wengi ambao hawakuwa na habari. Akaja mpaka kwenye sahani. Akaweka. Akasimama wima, mikono pembeni, akangoja nafasi yake.

Osewe akaendelea kupiga.

Seline akadhani hakuonekana. Akaweka tena. Akafungua pindo la leso, akatoa vyote vilivyokuwamo, akavimwaga. Akangoja. Kisha akasogea, akainama sikioni mwake, na katika kelele ile ya spika Osewe akamsikia kama anavyosikika mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Nimeweka, mwanangu."

Mungu amempenda zaidi.

"Osewe. Nimeweka. Simamisha."

Osewe alitaka kumwambia habari ya gari, ya karatasi, kwamba ni kwa ajili ya Eddah huyo huyo. Mdomo wake ulikuwa na maneno ya kamati na hayakuwa na nafasi katikati. Machozi yalikuwa yakimtoka, na yaliufanya wimbo uwe bora. Watu walimwona analia nao wakalia, wengine wakaanza kucheza mdundo wa kumsindikiza marehemu, vumbi likapanda. Ojwang alikuwa amefumba macho, akitikisa kichwa kwa raha ya mtu aliyerudishwa utotoni.

Seline akamtazama Osewe usoni kwa muda. Kisha akamwacha. Akageuka, akaweka kiganja juu ya jeneza, akawakabili ndugu za Eddah waliojaa mpaka kwenye kifusi, akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamtoka. Mkono wake wa pili ukainuka, ukanyooka, ukaelekea kwenye spika, alipokuwa amesimama mwenyekiti, na mdomo ukafunguka na kufumbika, ukafunguka na kufumbika.

Wageni waliokuwa wamesimama nyuma, waliodhani mama wa marehemu anaitikia wimbo, wakaanza kumpigia makofi.